Safari za Mchungwa na Maradhi Yake

Msafiri Al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad ambaye katika karne ya 10 aliifikia pwani ya Wazanji na kuiona kwa macho yake, aliandika katika kitabu chake kiitwacho Muruj al-Dhahab kuwa mdanzi, yaani mchungwa mchungu, ulichukuliwa kutoka Bara Hindi baada ya mwaka 300 wa Hijra, ukapandwa kwanza Omani, kisha ukapelekwa Basra, Iraki na Shamu, hata ukawa tele katika nyumba za watu wa Antiokia na katika pwani za Palestina na Misri. Aliongeza, kwa masikitiko ya mtu anayejua kitu kizuri kilivyokuwa kabla ya kupungua, kuwa tunda lile lilipoteza ugenini harufu yake njema na rangi yake ya asili, kwa kuwa lilikosa hewa, udongo na maji ya nchi lilikotoka.

Dhana hiyo, ya kuwa mti ukidhoofika ugenini lawama ni ya ardhi na hewa, ilikaa katika vichwa vya wakulima na wanazuoni kwa muda wa karibu miaka elfu moja, na kwa hakika haikuwa dhana ya kipumbavu, maana kila mwenye shamba ajua kuwa udongo wa chumvi au maji yaliyotuama huua mti. Lakini taarikhi ya maradhi makubwa ya michungwa katika karne mbili zilizopita ni taarikhi ya watu walioilaumu ardhi hata ikawabainikia, aghalabu baada ya miti kwisha kufa, kuwa adui alikuwa ameletwa na mikono yao wenyewe, ndani ya kikonyo cha kupandikiza walichokithamini. Na kuwa dawa waliyoipata kwa maradhi ya kwanza ndiyo iliyoyafungulia mlango maradhi ya pili.

Kwa karne nyingi mchungwa na ndugu zake, yaani mlimau, mndimu, mchenza na mbalungi, walisafiri kwa mbegu. Mbegu ni chombo chepesi cha safari: hustahimili jahazi, haihitaji maji njiani, na virusi vya maradhi mabaya kabisa ya jamii hii haviwezi kupita ndani yake. Kwa hiyo mti ulipotoka Uchina na Bara Hindi kwenda Bahari ya Kati, na kutoka huko kwenda Amerika, uliyaacha nyuma mengi ya maradhi yake. Mambo yakageuka katika karne ya 19, meli za moshi zilipofupisha safari za bahari, na mti mzima wenye mizizi na udongo wake, au fungu la vikonyo vibichi, likaweza kuvuka bahari likafika likiwa hai.

Maangamizi ya kwanza yaliyoandikwa ya zama hizo yalitokea katika visiwa vya Azores, milki ya Ureno, ambavyo vilikuwa vikiuza machungwa Uingereza. Katika miaka ya 1830 na 1840 miti ya huko ilianza kuoza kwenye shina karibu na ardhi, gome likapasuka na kuvuja utomvu mzito, na mashamba yaliyotajirisha watu yakafa. Sababu yake, kama ilivyojulikana baadaye, ni kiumbe wa udongoni afananaye na ukungu, ajulikanaye kwa wataalamu kama Phytophthora, apendaye unyevu na aingiaye kwenye gome la chini. Maradhi hayo yakaenea katika nchi za Bahari ya Kati, na wakulima wakagundua jambo lenye faida kubwa: mdanzi, ule mti mchungu wa Al-Masudi, hauyajali. Basi wakaanza kupanda mbegu za mdanzi, kisha wakabebesha juu yake jicho la mchungwa mtamu.

Kazi ya kubebesha ni ya kale. Ibn al-Awwam wa Sevilla aliandika juu ya kuunga miti katika kitabu chake cha kilimo tangu karne ya 12. Mbebeshaji hukata jicho moja la mchungwa mtamu pamoja na kipande chembamba cha gome lake, akalichanja gome la mche mchanga chanjo yenye sura ya herufi T, akalipenyeza lile jicho chini ya gome na kulifunga kwa utepe. Baada ya wiki mbili au tatu hufungua kuona kama limeshika, na likishika huukata mche wa chini juu ya jicho ili nguvu yote ya mizizi iende huko. Hivyo mti mmoja huwa na asili mbili, mizizi ya mmoja na matawi ya mwingine, na kilichomo katika mirija ya kikonyo, kiwe chakula au kiwe sumu, huteremka hata kwenye ncha ya mzizi. Kufika mwanzo wa karne ya 20 mdanzi ulikuwa umebeba sehemu kubwa ya machungwa ya dunia, toka Hispania hata California, toka Palestina hata Brazili.

Afrika ya Kusini ndiyo iliyotoa onyo la kwanza. Huko, mwanzoni mwa karne hiyo, ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa mchungwa mtamu juu ya mdanzi haukai. Hupata manjano, hudumaa, hufa. Ilhali ukibebeshwa juu ya mlimau wa maganda ya kukwaruza husitawi. Mtaalamu wa Kimarekani, Herbert Webber, alizuru nchi hiyo akaandika habari hizo mwaka 1925, na fasiri iliyokubalika ilikuwa kwamba miti ile miwili haipatani katika ardhi ya huko. Katika kisiwa cha Java Mholanzi Toxopeus aliliona jambo lilo hilo, na mwaka 1937 akatoa rai kuwa mchungwa mtamu hutengeneza kitu kinachoudhuru mdanzi. Rai hiyo ilikaribia kweli kwa hatua moja tu, lakini haikueleza kwa nini mchungwa uo huo, juu ya mdanzi uo huo, ulikuwa ukiishi miaka mingi huko Sevilla na Jaffa bila ya dhara.

Jibu lilitoka Amerika ya Kusini, kwa gharama isiyosemeka. Karibu na mwaka 1930 michungwa ya Argentina ilianza kukauka katika jimbo la Corrientes, na mwaka 1937 balaa lilionekana katika bonde la Paraíba nchini Brazili. Majani yalipoteza mng'aro, yakageuka manjano, yakapukutika. Mti ukachanua maua mengi ya mwisho, ukazaa matunda madogo, ukafa. Na mkulima alipoufukua aliikuta mizizi midogo imeoza yote, kwa hiyo akaulaumu udongo. Sylvio Moreira aliyapa maradhi hayo jina la tristeza mwaka 1942, na jina hilo likaenea duniani. Kufika mwaka 1949 jimbo la São Paulo peke yake lilikuwa limepoteza miti ipatayo milioni 6, karibu robo tatu ya michungwa yake yote.

Mwaka 1946 Meneghini, wa taasisi ya elimu ya viumbe ya São Paulo, alichukua vidukari weusi kutoka miti migonjwa akawaweka kwenye miche mizima, na miche ikaugua. Huko Campinas Mbrazili Alvaro Costa, pamoja na Mmarekani Bennett, waliithibitisha kadhia hiyo mwaka 1949 kwa majaribio mapana zaidi: kidukari mweusi wa michungwa, mwenye kuishi kwa makundi kwenye machipukizi, huvuta virusi pamoja na utomvu, akaruka navyo hadi mti wa jirani, na ingawa hakai navyo zaidi ya siku moja au mbili, wingi wa jeshi lake huutimiza uharibifu. Udongo ukatolewa hatiani. Mizizi ilikuwa ikioza kwa njaa, maana virusi viliiua mirija ya mdanzi ipitishayo chakula, pale pale chini ya kiungo cha kubebeshea, na chakula kilichotengenezwa majanini hakikuweza kuteremka. Mchungwa mtamu wenyewe uliviweza virusi vile bila ya kuonyesha dalili. Na ndiyo maana kikonyo kizuri cha kutazamwa, kilichopelekwa nchi za ng'ambo kwa heshima ya mbegu bora, kilikuwa ndicho mchukuzi wa kifo.

Habari zikaanza kuungana. Huko California, ambako michungwa ilikuwa ikikauka kwa ghafula tangu 1939, Fawcett na Wallace walionyesha mwaka 1946 kuwa sababu ni virusi vinavyohama kwa kubebesha. Fawcett alikuwa mtu wa kufaa kwa kazi hiyo, kwani mwaka 1933 alikwisha kubainisha kuwa ugonjwa mwingine, unaobambua gome na ambao ulijulikana Florida tangu karne iliyotangulia, nao ni wa kuhamishwa kwa kikonyo. Kisha ukapatikana mti wa kutoa ushahidi: mndimu mdogo, ule ule wenye ndimu kali za kuungia mchuzi. Ukibebeshwa jicho la mchungwa unaoshukiwa, haupiti muda mrefu kabla majani yake machanga, yakiinuliwa kuelekea jua, hayajaonyesha vipande vipande vya mishipa iliyopauka na kupenyeza mwanga. Kwa mizani hiyo ikafahamika kuwa ugonjwa wa ndimu wa Gold Coast, mashina yenye vishimo ya Afrika ya Kusini, ukaukaji wa California na tristeza ya Brazili ni maradhi mamoja yenye majina mengi. Mwaka 1957 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Riverside, California, wakaunda jumuiya yao ya kuchunguza virusi vya michungwa, ili yasije yakatafutwa tena katika kila nchi peke yake yale yaliyokwisha kupatikana kwa jirani.

Brazili ilijinasua kwa tadbiri mbili. Ya kwanza, ilitupa mdanzi na kubebesha karibu michungwa yake yote juu ya mti uitwao ndimu ya Rangpur, ambao huvistahimili virusi na pia ukame. Ya pili, Costa na mwenziwe Müller walivitafuta virusi vya tristeza vilivyo dhaifu, wakaviingiza kwa makusudi katika miche ya mchungwa uitwao Pera, ili mti uliokwisha kukaliwa na mgeni mpole usimpokee mgeni katili. Na shauri hilo likafaulu sana. Lakini ilipoingia karne ya 21, kaskazini ya São Paulo na kusini ya Minas Gerais michungwa ikaanza kufa kwa ghafula, na iliyokufa ilikuwa ile iliyobebeshwa juu ya ndimu ya Rangpur. Kwa mara ya pili taifa zima lilikuwa limesimamisha mashamba yake juu ya mti wa chini wa namna moja.

Wakati tristeza inawashughulisha watu wa magharibi, maradhi mengine yalikuwa yakitembea polepole mashariki. Wakulima wa Guangdong, kusini ya Uchina, waliyajua tangu karne ya 19, nao wakayaita huanglongbing kwa ajili ya machipukizi ya manjano yajitokezayo katikati ya mti wa kijani. Wengine walidhani ni maji yaliyotuama mizizini, wengine walidhani ni upungufu wa mbolea. Mtaalamu Lin Kung-hsiang aliyachunguza toka mwaka 1941 hadi 1955, akipitia vita na mapinduzi, na mwaka 1956 akatangaza kuwa yanaambukizwa kwa kubebesha. Maandishi yake yalikuwa kwa Kichina, na nje ya Uchina wachache waliyasoma.

Kwa sababu hiyo Afrika ya Kusini ilianza upya. Huko, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, wenye mashamba ya Transvaal waliona matunda yasiyoiva upande mmoja, na wataalamu wakayatafuta madini ya udongoni yaliyozidi au yaliyopungua kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni mwaka 1965 tu McClean na Oberholzer walipothibitisha kuwa maradhi huhamishwa kwa kikonyo, na pia na sila, mdudu mdogo wa Kiafrika apendaye kutaga mayai juu ya jani changa. Muda si mrefu uchunguzi wa India na Ufilipino ukamtia hatiani sila mwingine, wa Asia. Kisha mwaka 1970 Laflèche na Bové, Wafaransa, waliutazama mshipa wa mti mgonjwa kwa hadubini ya elektroni wakakuta ndani ya mirija viumbe ambavyo havikuwa virusi. Miaka ikapita kabla haijakubalika kuwa ni bakteria, na mwaka 1994 zilitengwa aina mbili: ya Asia, istahimiliyo joto, na ya Afrika, ipendayo baridi ya nyanda za juu kama mdudu wake.

Tunda la mti wenye maradhi haya halihitaji darasa kulitambua. Likikatwa toka kikonyoni hadi chini, nusu moja huwa kubwa na nusu nyingine imesinyaa, uzi wa katikati umepinda, mbegu ni nyeusi na tupu. Na rangi huanza juu, karibu na kikonyo, huku chini kukibaki kijani, kinyume cha chungwa zima. Maji yake ni machungu yenye chumvi. Jani nalo hupata mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za mshipa mkuu, na hilo ndilo humtofautisha mgonjwa na mwenye njaa ya madini, kwani njaa huyachora majani sawa pande zote mbili. Ubaya ni kuwa dalili hizi huja miezi mingi, pengine miaka, baada ya mti kuambukizwa, na katika muda wote huo sila hunywa na kusambaza.

Mwezi wa Machi 2004 maradhi yalionekana São Paulo, na Agosti 2005 yakaonekana kusini ya Florida. Sila wa Asia alikuwa amekwisha kugunduliwa Florida tangu 1998, akaenea jimbo zima kwa msaada wa biashara, maana hupenda pia kichaka cha maua kiitwacho Murraya, ambacho kiliuzwa katika vyungu madukani na kusafirishwa kwa malori toka mji hadi mji. Brazili, iliyokuwa na kumbukumbu ya tristeza, ilianza mara moja kukagua na kung'oa kila mti mgonjwa, na ingawa haikushinda, mashamba yake makubwa yalidumu. Florida ilivuna makasha milioni 242 ya machungwa katika msimu wa 2003 na 2004. Katika msimu wa 2022 na 2023, baada ya maradhi na tufani, haikufikisha makasha milioni 16.

Hata hivyo historia hii si ya misiba mitupu. Kisiwa cha Réunion, katika Bahari yetu ya Hindi, kilikuwa na bahati mbaya ya kuwa na sila wote wawili, wa Afrika na wa Asia. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa huko walileta nyigu wawili wadogo mno, mmoja toka Afrika ya Kusini na mmoja toka India, ambao hutaga mayai juu ya watoto wa sila. Sila wa Kiafrika akatoweka kisiwani, na sila wa Asia akapungua sana. Katika muda huo huo Navarro wa Hispania, pamoja na Roistacher na Murashige wa California, walipata njia ya kukisafisha kikonyo chenyewe: kwa kisu na hadubini hukata ncha ya chipukizi isiyofika nusu ya milimita, sehemu ambayo maradhi hayajaifikia, wakaibebesha juu ya mche mchanga ulioota kwa mbegu ndani ya chupa. Kwa njia hiyo Hispania, iliyopatwa na tristeza tangu 1957, iliweza kuwagawia wakulima wake miche safi ya aina zao za zamani.

Mambo haya yanatuhusu kwa karibu zaidi kuliko tudhanivyo. Ugonjwa wa Kiafrika, kwa kuogopa joto, ulikaa katika milima yetu na kuiacha pwani, na ndiyo sababu mojawapo ya machungwa ya Muheza na Tanga kusitawi katika nchi tambarare. Kinga hiyo haimzuii mgeni wa Asia. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa sila wake amepatikana Morogoro, mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa yuko Kenya, na mwaka 2020 bakteria ya Asia yenyewe iliandikwa kuwa imepatikana katika michungwa ya Kenya. Huko Ethiopia bakteria hiyo ilikwisha kuandikwa mwaka 2010. Hakuna dawa ya kuuponya mti uliokwisha kuambukizwa ukiwa shambani. Kilichobaki ni yale ambayo Brazili na Hispania ziliyajua kwa hasara: kikonyo kichukuliwe katika mti uliopimwa, mche ulelewe ndani ya wavu usiopenyeka na sila, shamba lisitegemee mti wa chini wa namna moja, na mche usivuke mpaka kwa siri ndani ya mzigo wa basi. Hayo hayawezi kutimizwa na mkulima peke yake, kwa kuwa mche mgonjwa na mche mzima huwa sawa kwa macho siku ya kununuliwa. Ni wajibu wa serikali kukipima kitalu na kumpa mwenye kitalu hati, na wajibu wa mnunuzi ni kuidai hati hiyo kabla hajauliza bei.